Kuni zinakula faida yako? Namna ya kuendesha jiko la hoteli Dagahaley bila kumaliza miti

Ukiwa na hoteli sokoni Dagahaley, unajua bei ya sukari, mchele, unga na nyama ya ngamia bila kufikiri. Lakini hebu jiulize: jana ulitumia shilingi ngapi kwa moto? Si kuni za mkokoteni mzima, bali moto ulioingia kwenye kila sahani ya bariis na kila kikombe cha shaah uliyouza.

Wenye hoteli wengi hawana jibu, na si kwa uzembe. Kuni hulipwa kwa pesa taslimu, kidogo asubuhi, kidogo jioni, na hakuna anayeandika. Pesa inayotoka hivyo haionekani, na isiyoonekana haipunguzwi.

Makala hii inaeleza jinsi ya kupunguza moto, moshi na taka kwenye jiko la biashara, na jinsi simu yako inavyoweza kukusaidia kujua kama kweli umepunguza. Huhitaji kuanza na jiko jipya. Anza na hesabu.

Kwa nini tunaanza na kuni

Kambi za Dadaab zilianza kupokea watu mwaka 1991 na 1992, katika nchi kavu ambayo miti yake hukua polepole. Tangu hapo kuni zimekuwa zikifuatwa mbali zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Wanaolipa gharama ya umbali huo ni wengi: mwanamke anayetembea masaa kutafuta mzigo, mfugaji wa jamii ya wenyeji anayeona kivuli na malisho ya mifugo yake yakiisha, na wewe mwenye hoteli, kwa sababu kila kilomita inaongezwa kwenye bei ya mkokoteni.

Tatizo hili si geni. Shirika la Ujerumani la GTZ lilifanya kazi ya kuni na majiko yanayookoa nishati Dadaab katika miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 1998 kukawa na mradi wa kugawa kuni kwa familia, lengo likiwa kuwapunguzia wanawake hatari ya kushambuliwa na kubakwa porini. Tathmini ya UNHCR iliyotoka mwaka 2001 ilionyesha kuwa kuni zilizogawiwa zilitosha sehemu ndogo tu ya mahitaji. Zilizobaki zilitoka, na bado zinatoka, porini au sokoni.

Hoteli moja inapika kwa siku moja chakula cha familia nyingi. Kwa hiyo hoteli ikipunguza kuni, inapunguza mzigo mkubwa kwa mara moja.

Halafu kuna moshi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa moshi wa majumbani unaotokana na kupikia uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mpishi wako anasimama kwenye moshi huo kutwa nzima, mara nyingi ndani ya mabati.

Hatua ya 1: Fanya stetimenti iwe mizani yako

Kabla hujabadilisha kitu chochote, pima kwa wiki mbili. Fanya hivi:

1. Tenganisha pesa ya hoteli na pesa ya nyumbani. Wateja walipe kwa namba ya till ya hoteli, si kwa namba yako binafsi.
2. Mlipe muuzaji wa kuni, makaa au gesi kwa simu kila mara. Kama hana simu ya kupokea pesa, andika kwenye daftari siku hiyo hiyo.
3. Mwisho wa siku, andika idadi ya sahani ulizouza. Namba moja tu.
4. Mwisho wa wiki, fungua stetimenti, tafuta jina la muuzaji wa kuni, jumlisha ulichomlipa, kisha gawa kwa idadi ya sahani za wiki.

Jibu utakalopata ni gharama ya moto kwa sahani. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia.

Tuchukue mfano. Hoteli inatumia shilingi 900 za kuni kwa siku na inauza sahani 120. Gawa: ni shilingi 7.50 kwa sahani. Baada ya mwezi wa kubadilisha mazoea, kuni zinashuka hadi shilingi 700 na sahani ni zile zile 120. Sasa ni kama shilingi 5.80 kwa sahani. Umeokoa shilingi 200 kwa siku, sawa na shilingi 6,000 kwa siku 30.

Sasa angalia mfano wa pili. Kuni zimeshuka hadi shilingi 700, lakini sahani nazo zimeshuka hadi 80. Ukiangalia kuni peke yake utafurahi. Ukigawa utaona ni shilingi 8.75 kwa sahani, yaani moto umepanda bei. Pengine jiko linawaka mchana kutwa likisubiri wateja ambao hawaji. Miaka hii mgao wa chakula umekatwa na wateja wanahesabu kila shilingi, kwa hiyo mfano huu wa pili si wa kubuni tu. Ndiyo maana tunasema gawa, usijumlishe tu.

Kuhusu ada: kulipa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku kunaweza kukugharimu zaidi kuliko kulipa mara moja. Angalia orodha ya ada, kisha mwelewane na muuzaji wako. Kama anahitaji pesa kila siku, mlipe mara moja jioni badala ya mara tatu.

Hatua ya 2: Mambo ambayo hayagharimu kitu

Funika sufuria. Hili linaonekana dogo, lakini sikiliza hesabu yake. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi ichemke kunataka kiasi fulani cha joto. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke kunataka joto la mara saba. Kwa hiyo kila lita inayopotea hewani kutoka sufuria iliyo wazi imechukua moto ambao ungechemsha lita saba za chai.

Punguza moto maji yakishachemka. Maji yanayochemka taratibu na yanayochemka kwa fujo yana joto lile lile. Nyama haiivi haraka kwa sababu povu limekuwa kubwa. Vuta kuni mbili nje, acha moja.

Loweka nafaka usiku. Cambuulo inajulikana kwa kukaa motoni masaa mengi. Maharagwe yaliyolala kwenye maji usiku kucha huiva mapema zaidi. Ukishayachemsha vizuri, yahamishie na sufuria yake ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au blanketi, ulifunike vizuri, na joto lililobaki litaendelea kuyaivisha bila moto. Kabla ya kuuza, yarudishe motoni yachemke tena, ili chakula kisilete ugonjwa.

Chai itoke kwenye chupa, si jikoni. Shaah inayochemka kutwa ili mteja wa saa kumi aipate moto inakula kuni na kupoteza ladha. Pika kwa awamu, mimina kwenye chupa za chai zinazohifadhi joto, kisha ondoa kuni.

Nunua kuni kavu. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yake yenyewe, na kinachobaki ni moshi. Mwulize muuzaji kwa heshima kabla ya kushusha mzigo: "Adeer, hizi zimekatwa lini?" Gonganisha vipande viwili. Zilizokauka hulia kwa mlio mkali. Mbichi hutoa sauti nzito. Kama una nafasi, weka akiba juani, ifunike mvua ikija, na utumie za zamani kwanza. Pasua vipande vinene, kwa sababu vyembamba huwaka vizuri na unaweza kuongeza kidogo kidogo.

Uliza pia ni mti gani. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Kenya kuzuia ukame na sasa umevamia malisho sehemu nyingi za kaskazini, una kuni nzuri zenye moto mkali, na ukikatwa huchipua tena. Mteja anayeomba kuni za mathenge anaipa pumziko miti ya asili kama migunga. Lakini hakikisha unapata mathenge kweli, na kwamba muuzaji ana ruhusa ya mahali anapokata.

Hatua ya 3: Jiko gani, na kwa hesabu gani

Mawe matatu ni bure, ila ndiyo jiko la bei ghali kuliko yote. Sehemu kubwa ya moto wake huenda hewani. Kinachofika kwenye sufuria ni kama kumi hadi kumi na tano katika kila mia. Jiko banifu zuri la kuni, lenye ukuta unaokumbatia sufuria na mdomo mdogo wa kuingiza kuni, hufikisha kama ishirini na tano hadi thelathini katika mia. Maana yake, kazi ile ile kwa nusu ya kuni au pungufu.

Majiko ya taasisi yanayotumika kwenye shule ni ya namna hii: sufuria kubwa imezama ndani ya jiko, na bomba linapeleka moshi nje ya paa. Kwa hoteli inayopika sufuria moja kubwa ya mchele na moja ya nyama kila siku, hilo linafaa kuliko majiko madogo manne. Chukua vipimo vya sufuria zako kabla ya kuagiza. Jiko ambalo sufuria haikai sawasawa halitakuokolea kitu.

Vipi kuhusu makaa? Yana moshi mdogo sokoni, lakini moshi wake ulishatoka porini. Kwa matanuru ya kienyeji ya udongo, kilo moja ya makaa hutumia kilo sita hadi kumi za kuni. Kwa upande wa miti, kuhama kutoka kuni kwenda makaa ni kurudi nyuma, isipokuwa kama makaa yenyewe ni ya mathenge.

Gesi je? Hapa fanya hesabu yako mwenyewe, kwa sababu bei ya Dagahaley si bei ya Nairobi. Kwa makadirio, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo kumi na moja au kumi na mbili za kuni kwenye mawe matatu, na kilo tano au sita za kuni kwenye jiko banifu. Pima mzigo wako wa kuni kwa mizani ya duka, upate bei ya kilo. Zidisha kwa tano. Kama kilo ya gesi ni chini ya hapo, gesi inashinda hata jiko banifu. Kama iko kati ya mara tano na mara kumi na moja, gesi inashinda mawe matatu, lakini jiko banifu ni rahisi zaidi.

Wengi wataona njia ya katikati ndiyo bora: gesi kwa vitu vya haraka kama chai, mayai, malawah na suqaar, na jiko banifu kwa nyama na mchele. Kwa kupikia haraka gesi ina faida nyingine: ukizima, imezima. Kuni huendelea kuungua hata hakuna mteja.

Usiweke mayai yote kwenye kikapu kimoja, ndugu msomaji. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara kati ya Garissa na sehemu nyingine za nchi. Lori lisipofika, mtungi haujazwi. Hoteli yenye jiko banifu pembeni inaendelea kupika.

Ukinunua gesi, zingatia haya:

- Mtungi una uzito wake mtupu ulioandikwa kwenye chuma. Upime mbele ya muuzaji: uzito wa mizani ukitoa uzito mtupu ni gesi uliyolipia.
- Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutulia chini. Weka mtungi wima, mahali penye upepo, mbali na moto wa kuni.
- Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira. Povu likivimba, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti.

Hatua ya 4: Kulipia jiko bila kujifunga

Tuendelee na mfano wetu. Hoteli imeokoa shilingi 200 kwa siku kwa mifuniko, kuni kavu na chupa za chai. Tuseme jiko la kufaa linauzwa shilingi 30,000 pamoja na usafiri. Ukiweka shilingi 200 pembeni kila jioni, siku 150 zinatosha. Miezi mitano, bila mkopo.

Siri ni kuiweka kabla hujaitumia. Fungua akiba yenye lengo kwenye simu, uipe jina "Jiko", na uhamishe pesa jioni unapofunga hesabu. Kama una huduma ya kufunga akiba hadi tarehe fulani, itumie, maana pesa iliyo kwenye salio la kawaida hupata kazi nyingine kabla ya asubuhi.

Wateja wetu wengi wa Dagahaley hawataki pesa yenye riba, na hilo ni haki yao. Soma masharti ya akiba yoyote kabla ya kukubali, na uliza kama ipo isiyo na riba. Njia nyingine mnayoijua vizuri ni ayuto, au hagbad: wenye hoteli watano wakichanga kwa zamu, kila mwezi mmoja ananunua jiko. Mkichanga kwa simu, kila mmoja ana ujumbe wa kuthibitisha, na ubishi wa nani alilipa na nani hakulipa unaisha.

Jiko likifika, usiache kugawa. Gharama ya moto kwa sahani ikishindwa kushuka ndani ya mwezi, jiko halitumiki vizuri au si la kazi hiyo. Ongea na fundi mapema.

Hatua ya 5: Taka zilizobaki

Mabaki ya chakula. Tenga ndoo mbili: moja ya mabaki yasiyo na plastiki, nyingine ya takataka nyingine. Mabaki safi ni chakula cha mbuzi, na kuna majirani watakaoyachukua kila siku. Yakitupwa wazi huleta nzi na wale korongo wakubwa wanaozunguka majalala. Ukiona ndoo ya mabaki inajaa mchele, hilo pia ni somo: sahani zako ni kubwa mno, au unapika zaidi ya wateja ulionao. Moto wa chakula kilichotupwa nao umetupwa.

Plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na faini zake ni kubwa. Mbuzi au ngamia akimeza mfuko anaweza kufa, na mfuko ukiziba mtaro mvua inaingia dukani. Wape punguzo dogo wateja wanaokuja na bakuli au chupa yao. Hata shilingi tano zinatosha kumkumbusha mtu.

Mafuta ya kukaangia. Yachuje kila siku ili yadumu, na yakiwa meusi au yakitoa povu na moshi, yaache. Usiyamwage mtaroni. Uliza kama kuna watengeneza sabuni karibu nawe; mafuta yaliyotumika ni malighafi yao.

Maji. Maji ya Dadaab hutoka visimani chini kabisa, kwa nguvu ya mota na jua. Osha vyombo kwa beseni mbili, ya sabuni na ya kusuuza, badala ya bomba linalotiririka. Maji yaliyooshea mboga yanatosha kumwagilia mwarobaini mbele ya hoteli, na baada ya miaka michache wateja wako wana kivuli.

Jihadhari unaponunua

Kila kitu kinapohitajika sana, matapeli hawako mbali. Usitume pesa ya jiko au mtungi kwa mtu uliyemwona mtandaoni tu. Ona bidhaa kwanza, au lipa kwa namba ya biashara inayoonyesha jina kabla ya kuthibitisha. Ukipata ujumbe kwamba umelipwa, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa chakula. Hakuna mradi wa majiko, wa bure au wa kulipia, unaohitaji namba yako ya siri. Akiulizwa hata na mtu anayejiita mfanyakazi wetu, mpishi au mhudumu wako asiitoe.

Anza kesho asubuhi

Wiki hii fanya mambo matatu tu: lipa kuni kwa simu, hesabu sahani, funika sufuria. Jumapili jioni gawa. Ukipata namba yako ya kwanza, iandike ukutani jikoni, mahali mpishi anapoiona, na wiki inayofuata jaribuni kuishusha pamoja. Mpishi ndiye anayeshika kuni, kwa hiyo sehemu ya kinachookolewa ikimfikia, namba itashuka haraka zaidi.